Picha ya Kufunikwa: Jitengenezee Mandhari ya Kompyuta kwa Programu ya Bure

(Mazungumzo na wanafunzi wa kompyuta na wenye maduka ya steshenari, Tanga. Yameandikwa karibu kama yalivyotamkwa.)

Wakubwa shikamooni. Vijana hamjambo? Mwenyekiti, walimu, mama zetu mliochelewa kufungua maduka ili mnisikilize: itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye jambo lenyewe, maana nimeambiwa chai iko jikoni na mimi si mtu wa kushindana na chai.

Jambo lenyewe ni ile picha inayokaa nyuma ya mafaili yenu, ile unayoiona ukiwasha kompyuta kabla hujafungua chochote. Tuiite mandhari, kama simu zenu zinavyoiita.

Mlipokuwa mnajiandikisha pale mlangoni nilipita mezani kuchungulia skrini zenu. Nisameheni, ni ugonjwa wa kazi. Nyingi zina picha ileile iliyokuja na Windows. Kadhaa zina simba anayenguruma na maneno ya Kiingereza ya kumtia mtu moyo. Moja ina gari jekundu ambalo mwenye laptopu, ninavyomfahamu, hana hata mpango wa kuuliza bei. Sisemi ni dhambi. Ila mji huu una bahari, una mashamba ya mkonge hapo nje, una Mapango ya Amboni, ukipanda juu kidogo unafika Lushoto, na kila aliyekaa humu ana kamera mfukoni. Halafu tunakaa saa nane kwa siku tukitazama picha tuliyochaguliwa na mtu asiyetujua.

Hoja yangu leo ni moja. Mandhari inatofautiana na picha nyingine zote unazozipenda kwa sababu inatengenezwa ili ifunikwe. Picha ya harusi ukiitundika sebuleni hakuna anayeweka kabati mbele yake. Mandhari itabandikwa ikoni, itafunikwa na Word, na Excel, na dirisha la WhatsApp, na saa nzima hutaiona. Ikichungulia, inachungulia pembeni. Kwa hiyo anayetengeneza mandhari nzuri anaanza na swali hili: nini kitakaa juu ya picha hii, na kitakaa wapi? Swali la picha gani inapendeza linakuja la pili.

Chukueni mfano ambao kila aliyezidi miaka ishirini na tano humu anaujua hata kama hajui jina lake. Kilima cha kijani, anga la bluu, mawingu machache. Ndiyo ile ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Wengi waliamini imechorwa na kompyuta. Hapana, ni picha halisi iliyopigwa kwa kamera ya filamu. Aliipiga Charles O'Rear, mpiga picha aliyewahi kufanya kazi miaka mingi na jarida la National Geographic, Januari 1996, katika eneo la Sonoma, jimbo la California, Marekani. Alikuwa njiani kwenda kumwona mchumba wake, akakiona kilima, akasimamisha gari pembeni. Sonoma ni nchi ya mizabibu, na kilima kile kilikuwa na nyasi tupu kwa sababu wadudu wanaoitwa filoksera walikuwa wameshambulia mizabibu ikabidi ing'olewe. Microsoft, wenye Windows, waliinunua mwaka 2000, wakaiita Bliss. Leo ukienda pale utakuta mizabibu imerudi na picha ile haipigiki tena.

Sasa, duniani kuna picha nyingi kali kuliko ile. Kwa nini wakachagua kilima kisicho na mtu, kisicho na nyumba, kisicho na hata mbuzi? Itazameni tena kwa jicho la fundi. Ni maeneo mawili makubwa ya rangi tulivu. Popote utakapoweka ikoni, jina lake linasomeka. Popote utakapofungua dirisha, hujamfunika mtu uso. Picha haipotezi kitu ikifunikwa.

Mama zangu mlioketi hapa mbele hamhitaji mtu wa California kuwafundisha hili, kwa sababu mmejifunga somo lenyewe kiunoni. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kina mahali pake. Msanii wa khanga hachapi jina juu ya ua la mji, hata ua liwe zuri namna gani. Skrini yako nayo ina pindo la chini, ule mstari wenye kitufe cha Start na saa, pikseli 40 kwenda juu kwenye Windows 10 na 48 kwenye Windows 11 kama hujakuza maandishi. Pikseli ni vile vinukta vidogo vinavyounda picha ya skrini. Kushoto Windows inapanga ikoni, safu ya kwanza, ya pili, na kwa wale ambao kila kitu wanakihifadhi hapohapo juu ya mandhari, ya tatu na ya nne. Kinachobaki katikati na kulia ndicho mji. Ua lako liweke huko.

Nimeshasikia mtu hapo nyuma ananong'ona, “Photoshop sina.” Nami sina hiyo programu ya kulipia ya kurekebisha picha, na leo hatuihitaji.

Niseme kidogo hapa, kwa sababu hili linaniuma kuliko mengine. Kwenye mji huu ukienda kwa fundi kupigiwa Windows, anakuwekea na Photoshop iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, bure, kama nyongeza. Ili ile kraki ifanye kazi, anazima kwanza antivairasi. Tafakari hicho kitendo. Mtu amezima mlinzi, akafungua faili lililotengenezwa na asiyemjua, akaliruhusu kugusa kila kitu kwenye kompyuta yako, halafu akakukabidhi laptopu ukaingize nywila ya benki. Kisa kupunguza picha na kuandika jina lako kwa dhahabu!

Programu ninayotumia inaitwa GIMP. Ilianza mwaka 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo la kwanza likatolewa kwa umma mwaka 1996. Wanafunzi, kama nyinyi hapo. Vifaa vya kuchorea madirisha na vitufe walivyojiundia kwa ajili ya programu yao, GTK, baadaye vikachukuliwa na watu wengine vikawa msingi wa GNOME, yale madirisha na menyu unayoyaona kwenye kompyuta nyingi zinazotumia Linux badala ya Windows. Tangu hapo GIMP inaendelezwa na watu wa kujitolea. Machi 2025 walitoa toleo la 3.0, baada ya miaka karibu saba tangu 2.10. Laptopu yenye Windows 10 kwenda juu ichukue hilo jipya. Ikiwa bado uko Windows 7, toleo la 2.10 linaingia.

Leseni yake inaitwa GPL, na inakuruhusu kuitumia kwa biashara, kuinakili na kumpa mwenzako. Faili la kuipakua ni megabaiti mamia kadhaa, kwa hiyo msimalize bando kila mtu kivyake. Mmoja apakue kutoka gimp.org, wengine wachukue kwa flashi. Hapo mnagawana kitu kilichotolewa ili kigawanywe.

Zipo nyingine. Krita ni nzuri kwa wanaochora kwa mkono. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari bila kuisimika, inafaa kwenye kompyuta ya kazini ambapo hukuruhusiwa kuongeza programu, ila inataka intaneti. Kwenye simu, Snapseed itakukatia na kukurekebishia mwanga. Lakini mandhari yenye matabaka, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, ya kubadilisha mwezi hadi mwezi, fanyeni kwa GIMP.

Haya, tazameni ukutani.

Hii picha nimeipiga jana jioni pale Deep Sea, soko la samaki. Ngalawa imevutwa mchangani, tanga limefungwa, nyuma yake bahari, juu anga. Nimeipiga makusudi kama mnavyopiga nyinyi: simu imesimama wima. Ni pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa urefu. Skrini yetu ni 1920 kwa 1080, yaani imelala, na uwiano wake ni 16 kwa 9. Nikiikata picha hii ienee kwenye umbo hilo, nabaki na 3000 kwa 1687. Zaidi ya nusu ya picha imetupwa. Mlingoti umekatika, anga hakuna, tumebaki na mbavu za ngalawa na miguu ya mvuvi aliyepita. Ingekuwa nimeilaza simu, ningekuwa na 4000 kwa 3000, nikikata nabaki na 4000 kwa 2250, nimepoteza robo tu. Basi ukiwa na nia ya mandhari tangu mwanzo, laza simu, na simama ili kitu chako kikae upande wa kulia wa picha.

Lakini picha nyingi tunazozipenda zimeshapigwa, tena wima. Tutafanyaje? Wengi wanaiacha Windows iivute. Kwenye mipangilio kuna chaguo la Stretch, na hilo ndilo linalomfanya babu aliyekuwa mwembamba aonekane ameota tumbo. Wengine wanachagua Fit, picha inakaa katikati na mapengo meusi kila upande.

Njia yangu ni hii. Nafungua turubai mpya ya 1920 kwa 1080. Naileta picha kama tabaka, kwa Open as Layers. Naipunguza mpaka urefu wake uwe 1080, upana unakuja wenyewe kuwa 810. Naisogeza mpaka ukuta wa kulia. Kushoto limebaki eneo tupu la pikseli 1110, na hilo ndilo eneo la ikoni ambalo tumekuwa tukililia.

Tulijaze na nini? Kijana mmoja kwenye darasa langu hulijaza kwa rangi moja, bluu. Inaonekana kiraka, kwa sababu picha yenyewe ina anga juu, bahari katikati, mchanga chini, na bluu yake haifanani na yoyote kati ya hizo. Fanyeni hivi. Nakili tabaka la picha. Ile nakala iweke chini ya ya kwanza, halafu ivute upana peke yake, kutoka 810 hadi 1920, urefu usiuguse. Itakuwa mbaya sana, ngalawa ndefu kupita meli. Usijali. Nenda Filters, Blur, Gaussian Blur, weka namba kubwa, 80 au 100. Mnaona? Ngalawa imeyeyuka. Imebaki ukungu wa rangi, na kwa kuwa urefu hatukuugusa, mstari wa bahari kwenye ukungu uko sawa na mstari wa bahari kwenye picha. Anga limekutana na anga, mchanga umekutana na mchanga, bila wewe kuchagua rangi hata moja.

Umebaki ule mshono, hapo picha kali inapogusana na ukungu. Rudi kwenye tabaka la juu, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Add Layer Mask, nyeupe. Kinyago hiki kanuni yake ni fupi: penye weupe picha inaonekana, penye weusi inafichika, penye kijivu inaonekana nusu. Chukua zana ya Gradient, inayobadilisha rangi polepole, weusi kwenda weupe, uvute kutoka ukingo wa kushoto wa picha kuingia ndani pikseli 200 hivi. Uvute sawasawa, shikilia kitufe cha Ctrl ili mstari usipinde. Basi. Yule asiyejua ataapa kwamba ulisimama Deep Sea na kamera kubwa ukapiga bahari yote.

(Hapa waliomba nirudie, nikarudia.)

Sasa twende kwenye majina ya ikoni. Windows inayaandika kwa rangi nyeupe yenye kivuli. Kwenye mchanga wa saa kumi jioni maandishi meupe yanapotea. Gusa lile tabaka la ukungu, nenda Colors, halafu Curves, shika mstari katikati uushushe kidogo. Ukungu unakuwa mzito, ngalawa yenyewe inabaki na jua lake, na jicho linakimbilia kwake bila kuambiwa. Dada yetu pale ameuliza ashushe kiasi gani. Ijaribu ikiwa na ikoni zako zote juu yake. Watu wengi hupima mandhari kwenye skrini tupu, wakati skrini yao haijawahi kuwa tupu tangu wainunue.

Kuna ugonjwa mmoja utakaowapata hapa na nataka muutambue. Ukungu wa rangi laini ukitazamwa kwenye skrini kubwa unaweza kuonyesha michirizi, kana kwamba anga limepangwa ngazi. Sababu ni hesabu. Picha ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu. Kama anga lako linatoka bluu hii kwenda bluu iliyokolea kidogo tu, pengine limetumia ngazi 30 kati ya hizo. Zitandaze hizo 30 kwenye pikseli 1080, kila ngazi inakuwa mkanda wa pikseli 36, na jicho la binadamu ni hodari mno wa kuona kingo. Dawa yake ni ya kushangaza: ichafue picha. Filters, Noise, RGB Noise, kiasi kidogo sana, chembe ambazo hazionekani ukikaa mahali pako. Zinavunja zile kingo na michirizi inapotea.

Kuhifadhi nako kuna mtego. Ukibonyeza Save, GIMP inatoa faili la XCF. Hilo lina matabaka yako yote, lakini Windows haiwezi kuliweka kuwa mandhari, na ndipo simu zinapoanza kuingia kwangu usiku: “Mwalimu, picha haifunguki.” Litunze, ndiyo mali yako, kesho utataka kubadilisha. Kisha nenda File, Export As, uandike jina likiishia na png au jpg. Ukichagua jpg, ubora usishuke chini ya 90, kwa sababu Windows yenyewe huibana tena JPEG unapoifanya mandhari, na kitu kilichobanwa mara mbili hutoa madoa madoa kwenye anga.

Na tafadhali, picha ya kufanyia kazi isipitie WhatsApp kama picha. Inapunguzwa njiani, na pikseli zilizotupwa hakuna programu ya kuzirudisha kama zilivyokuwa. Mwambie aliyeipiga aitume kama dokumenti. Au njooni na waya.

Vijana wataniambia wao hawataki picha, wanataka nakshi inayojirudia. Hilo lina historia ndefu kuliko picha. Kompyuta ya kwanza ya Macintosh, ya mwaka 1984, ilimpa mtu kiraka cha miraba 8 kwa 8, nyeusi na nyeupe, achore mwenyewe, nacho kikajirudia skrini nzima. Miraba 64, basi, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo. Leo unaweza kupiga picha ya ua moja la khanga ya bibi yako, ukaikata mraba, ukaipitisha kwenye Filters, Map, Tile Seamless ili kingo zikubaliane, kisha Windows ukaiambia Tile. Maoni yangu, na mnaweza kuyakataa: punguzeni ukali wa rangi nusu nzima. Nyekundu na nyeusi zinazopendeza mtaani siku ya ngoma zitakuumiza macho kabla ya saa sita mchana.

Mara nyingi naulizwa kama mandhari inaifanya kompyuta iwe nzito. Piga hesabu. Pikseli 1920 mara 1080 ni milioni mbili na ushei, kila moja baiti 4, jumla kama megabaiti 8 kwenye kumbukumbu. Laptopu yenye gigabaiti 4 haitalisikia hilo. Kinachoilemea ni mandhari zinazocheza, za video, zile za mvua inayonyesha. Hizo ziacheni. Na wanaosema nyeusi inaokoa betri: kwenye simu yenye skrini ya OLED ni kweli, maana pikseli nyeusi pale imezimwa. Laptopu nyingi humu ni LCD, taa yake ya nyuma inawaka ileile hata uweke usiku wa manane.

Walimu nina neno nanyi. Kompyuta yenu inaunganishwa na projekta mbele ya wanafunzi arobaini. Picha ya familia ufukweni si ya pale. Tengenezeni mandhari ya kazi: ratiba ya vipindi pembeni kulia juu, mbali na ikoni, maandishi makubwa, na XCF yake itunzwe ili muhula ukibadilika ubadilishe maandishi tu. Na kama unataka laptopu ikipotea irudi, namba ya simu usiiandike kwenye mandhari. Aliyeiokota hana nywila yako, hataiona. Iandike kwenye picha ya skrini ya kufungia, ile inayotokea kabla ya nywila.

Wenye steshenari, hili lenu. Picha ya kuokota Google haiwi yako kwa sababu umeikata na kuitia ukungu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki, ipo. Ukitaka picha ya mtu mwingine kihalali, tafuteni zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye picha anawaruhusu wengine kuitumia kwa masharti; kwenye tovuti ya Wikimedia Commons zimejaa, na msome masharti yake, kwa kuwa nyingi zinataka jina la mpiga picha litajwe na baadhi ya leseni hizo zinakataza biashara. Na mtoto wa jirani aliyepita mbele ya kamera yako usimfanye mandhari ya kuuza kabla hujazungumza na mama yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilipokee swali moja, mengine tutayamaliza kwenye chai. Ndiyo, mama.

Mama mwenye duka la steshenari barabara ya 12 aliuliza: “Mwanangu, umetufundisha vizuri, lakini mteja atalipia nini, wakati picha ni yake na programu ni ya bure?”

Shikamoo mama. Mteja hatalipia picha. Jaribu kumwuzia mandhari peke yake, atakwambia aliyonayo inamtosha. Atalipia pale kompyuta inapoletwa kwako kwa jambo jingine. Ameleta kupigiwa Windows, au ameleta picha za mahafali kuchapishwa. Mwulize kama ana picha moja anayoipenda kwenye simu. Ofisi ndogo ndizo zenye hela zaidi: duka la dawa, shule ya chekechea, wakala wa tiketi za mabasi, wote wana kompyuta mezani mbele ya mteja, skrini inaonekana, na kilichopo ni yule simba. Watengenezee yenye nembo yao kulia, namba yao ya simu, na bei za mwezi huo. Mwezi ujao bei zikibadilika watarudi, nawe XCF unayo, kazi ya dakika tano. Toza kwa mwezi, usitoze kwa picha. Na anza na skrini ya duka lako mwenyewe, mama, maana nilipopita juzi nimeliona lile gari jekundu na kwako pia.